Hotuba na Malumbano: Historia ya Mafunzo ya Kusema Hadharani katika Nchi ya Wanga na kwa Majirani Zake

1.0 Utangulizi

Yapo madai mawili yanayosikika kila yanapojadiliwa mafunzo ya kusema hadharani katika sehemu za magharibi mwa Kenya. Dai la kwanza ni kwamba stadi hiyo ililetwa na shule ya misheni, na kwamba chombo chake kikuu kilikuwa chama cha mdahalo. Dai la pili, ambalo lilitokea kama jibu kwa la kwanza, ni kwamba Mwafrika hakuhitaji kufundishwa kusema, maadamu alizaliwa na kulelewa katika jamii ya wasemaji. Madai haya mawili yanapingana, lakini yana kasoro moja ya pamoja: yote yanamtazama msemaji peke yake na kumsahau anayemsikiliza.

Makala haya yanajaribu kuitazama historia hiyo kutoka upande wa hadhira. Hoja inayotetewa ni kwamba ufasaha wa kusema mbele ya watu haukutokana na shule wala na damu. Ulikua mahali ambapo msikilizaji alikuwa na haki ya kujibu, na ulidhoofika kila haki hiyo ilipoondolewa. Kwa sababu hiyo, kipimo cha chama chochote cha usemi, kiwe cha wanafunzi au cha watu wazima, si idadi ya wasemaji kinaowatoa bali ni aina ya wasikilizaji kinaowajenga.

Uwanja wa uchunguzi ni nchi ya Wanga, hususan Musanda, mojawapo ya wadi nne za eneobunge la Mumias Magharibi katika Kaunti ya Kakamega. Musanda haikuchaguliwa kwa sababu ya umashuhuri wake. Ilichaguliwa kwa sababu mikondo minne ya historia ya usemi ilipita hapo au karibu nayo: baraza la wazee wa koo, baraza la wafanyabiashara wa pwani, baraza la chifu na mdahalo wa shule. Ili kuieleza mikondo hiyo itabidi mara kwa mara kuvuka mipaka ya Wanga na kuingia kwa majirani: Bungoma upande wa kaskazini, Butere na Maseno upande wa kusini.

2.0 Istilahi na Uzito Wake

Kiswahili kina istilahi kadhaa za tendo hili, nazo hazina maana moja. Neno hotuba lilitokana na Kiarabu, na asili yake ni mawaidha yatolewayo msikitini siku ya Ijumaa. Katika hotuba ya namna hiyo mmoja husema na waumini hunyamaza. Kunyamaza kwao ni sehemu ya ibada. Neno lilipotoka msikitini na kuingia katika siasa na shughuli za serikali, lilitoka na tabia yake ileile. Anayehutubia yuko mbele, wanaohutubiwa wako chini yake, na kikao humalizika anapomaliza yeye.

Neno ulumbi lina nasaba nyingine. Mlumbi ni mtu hodari wa kusema, na kitenzi chake hupokea kiambishi cha kutendana bila taabu: watu hulumbana. Sarufi yenyewe inadai watu wawili. Ushahidi wa kifasihi wa jambo hili ni wa zamani. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi kati ya mwaka 1776 na 1840, alijenga sehemu kubwa ya sifa yake kwa tungo za kujibizana na washairi wa Lamu katika kipindi cha uhasama wa miji hiyo miwili. Tungo hizo zilikuwa silaha, lakini zilikuwa silaha za upande unaotambua kwamba upande wa pili nao una malenga. Shairi lisilojibiwa lilikuwa ushindi, ila ni kwa sababu lingeweza kujibiwa.

Inafaa pia kuangalia yaliyolipata neno malumbano katika matumizi ya siku hizi. Aghalabu hutumiwa kwa maana ya ugomvi wa maneno, hasa wa wanasiasa, ilhali hotuba limebaki neno la heshima. Mabadiliko hayo ya maana si ajali. Jamii iliyozoeshwa kwa muda mrefu kusikiliza bila kujibu huishia kuliona jibu lenyewe kuwa utovu wa adabu.

Neno la tatu ni baraza. Katika miji ya pwani, baraza kwanza ni kikalio: benchi la mawe lililojengwa mbele ya nyumba, mahali pa kukaa, kupokea wageni na kuzungumza. Halina jukwaa. Wote hukaa kimo kimoja, na mazungumzo huhama kutoka kinywa hadi kinywa. Ni baadaye tu ambapo neno hilo lilipata maana ya mkutano, kisha ya chombo cha utawala. Safari ya neno hili kutoka benchi hadi ofisi ndiyo, kwa ufupi, historia inayoelezwa hapa.

3.0 Shule ya Usemi kabla ya Shule

Kabla ya utawala wa Kiingereza, ufalme wa Wanga uliongozwa na Nabongo akisaidiwa na wazee wa koo. Gideon Were, katika historia yake ya Abaluyia iliyotolewa mwaka 1967, aliutegemea ushahidi wa masimulizi ya wazee hao. Kwamba kitabu cha kitaaluma kiliweza kujengwa juu ya vinywa vyao ni ithibati kwamba kulikuwa na mpango wa kuhifadhi na kukabidhi maneno, maana masimulizi ya koo hayadumu pasipo watu waliofunzwa kuyasema na wengine waliofunzwa kuyasahihisha.

Mafunzo hayo hayakuwa na jina wala ratiba. Kijana alikaa pembezoni akisikiliza; alitumwa kupeleka ujumbe na kuurudia kama alivyoupokea; baadaye aliruhusiwa kutia neno katika mambo madogo. Hatua zote hizo zilikuwa za kusikiliza kabla ya kusema. Mzee aliyesema uongo kuhusu mpaka wa shamba au nasaba ya ukoo alikuwa mbele ya watu waliozijua habari hizo sawa na yeye. Penye wazee haliharibiki neno, wasemavyo Waswahili, na sababu mojawapo ya kutoharibika kwake ni kwamba wazee hao walisahihishana.

Kielelezo kikubwa zaidi cha ulumbi katika eneo zima kinapatikana ng'ambo ya mto Nzoia, kwa Wabukusu wa Bungoma. Hiyo ni kumuse, hotuba ya matanga ambayo hutolewa siku chache baada ya maziko ya mzee aliyetimiza masharti ya umri na heshima. Mlumbi wa kumuse hutembea huku na huko katika uwanja ulioachwa wazi, akieleza asili ya watu, historia ya koo, mafungamano yao, na maonyo kwa walio hai. Hadhira hukaa kimya. Kukatiza uwanja au kumkatiza maneno ni mwiko.

Kwa mtazamo wa juu juu, kumuse inaivunja hoja ya makala haya, kwa kuwa hapo mmoja husema na wengine hunyamaza. Hata hivyo, ukimya wa kumuse si ukimya wa asiyejua. Wasikilizaji ni wana wa koo zilezile zinazotajwa. Kila ukoo unasubiri kusikia kama umetajwa vilivyo, na mlumbi anajua hivyo. Akikosea, jibu halitolewi uwanjani bali nje yake, na litamfuata hadi matanga yajayo: hataitwa tena. Isitoshe, kazi yenyewe ni kufariji na kupatanisha, na mlumbi anayetonesha kidonda cha ugomvi badala ya kukiponya amekwisha kuhukumiwa kabla hajaketi. Kwa hiyo haki ya kujibu ipo, imeahirishwa tu.

Mipaka ya mfumo huu lazima isemwe wazi, ili kuepuka kuipamba kale. Barazani walisema wanaume, na miongoni mwa wanaume walisema waliotahiriwa, waliooa na waliozaa. Wanawake walikuwa na uwanja wao. Utafiti wa Ezekiel Alembi kuhusu ushairi wa matanga wa Abanyole, uliokamilika mwaka 2002, unaonyesha jinsi nyimbo na maombolezo ya kilio yanavyobeba mtazamo mzima wa jamii juu ya kifo na lawama zake. Katika maombolezo mwanamke angeweza kuyasema mbele ya umati mambo ambayo asingeruhusiwa kuyasema barazani. Lakini alisema akiwa mfiwa, si mjumbe. Aliposikika, kilio chake kilipewa pole, hakikupewa jibu. Tofauti hii kati ya kusikika na kujibiwa itarejea mbele.

Mkondo wa pili uliingia Wanga kwa njia ya biashara. Misafara ya pwani iliyokwenda Buganda ilipumzika katika mji mkuu wa Nabongo, ambao wageni waliuita Kwa Shiundu kabla haujajulikana kwa jina la Mumia, aliyechukua utawala mwaka 1882. Joseph Thomson alifika hapo mwaka 1883. Kutokana na misafara hiyo, Kiswahili na Uislamu vilitia mizizi Mumias mapema kuliko sehemu nyingi za bara la Kenya, na pamoja navyo ikaja desturi ya kukaa barazani na mgeni. Baraza hilo halikuwa la ukoo. Lilikutanisha watu wasio na babu mmoja, na hivyo lilidai ufasaha wa aina mpya: kumshawishi mtu asiyelazimika kukubali. Bei ya bidhaa, usalama wa njia na ahadi za msafara ujao vilikuwa mambo ya kujadiliwa, si ya kuamriwa.

4.0 Baraza Linageuka Hotuba

Kituo cha serikali kilianzishwa Mumias katikati ya miaka ya 1890, wakati eneo hilo likihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Mwaka 1902 likahamishiwa katika himaya ya Afrika Mashariki ya Waingereza, na mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya kuwatambua wakuu wa vijiji. Sheria ya mwaka 1912 iliongeza nguvu zao: mkuu aliweza kutoa amri kuhusu kazi, pombe, njia na mengineyo, na kutotii kulikuwa kosa. Mumia mwenyewe alitangazwa chifu mkuu wa Kavirondo ya Kaskazini mwaka 1909, na jamaa zake wakapelekwa kutawala watu ambao hawakuwa Wawanga.

Ili amri zifike, watu waliitwa. Mkutano huo ukapewa jina la baraza. Jina lilikuwa lile la benchi la pwani, lakini mpangilio ulikuwa tofauti kabisa: ofisa na chifu walikaa mezani, watu walikaa chini au walisimama, mkalimani alisimama katikati. Kodi ilitangazwa, vibarua walitakiwa, na mwishoni watu waliulizwa kama wamesikia. Swali hilo, kama wamesikia, halikuwa na jibu ila moja. Sheria ya mwaka 1912 iliyafanya maneno ya chifu kuwa amri. Kupinga hakukuwa tena kulumbana bali kuasi. Hivyo ndivyo baraza lilivyogeuka hotuba.

Serikali ilitambua upungufu huo, na kuanzia mwaka 1925 Mabaraza ya Wenyeji ya wilaya yalianza kukutana, mwenyekiti wake akiwa mkuu wa wilaya. Thamani halisi ya mabaraza hayo ilipimwa Kakamega. Sheria ya ardhi ya mwaka 1930 ilikuwa imeahidi kwamba ardhi haitatolewa katika hifadhi za Waafrika bila baraza la wilaya kuelezwa na bila ardhi nyingine kutolewa badala yake. Mwaka 1931 dhahabu ikagunduliwa karibu na Kakamega, na wachimbaji wakamiminika. Mnamo Desemba 1932 sheria ikarekebishwa: ulazima wa kuliarifu baraza ukaondolewa, na fidia ya ardhi kwa ardhi pia. Waafrika walikuwa wamefundishwa kuleta hoja zao barazani kwa utaratibu. Mara tu hoja zilipokuwa na thamani ya dhahabu, baraza liliwekwa kando.

Tukio hilo lilikuwa somo la ulumbi kwa kizazi kizima. Chama cha Kavirondo ya Kaskazini kilichokua katika miaka ya 1930 kilitumia barua, maombi ya maandishi na mikutano, na madai yake yalihusu hasa ardhi na nani asemaye kwa niaba ya nani. Lililopiganiwa katika siasa hizo halikuwa nafasi ya kusema. Watu walisema sana. Lililopiganiwa ni nafasi ya kupata jibu.

5.0 Mdahalo wa Shule

Mfano wa chama cha mdahalo kilichofika Afrika Mashariki ulitoka katika vyuo vikuu vya Uingereza, ambako Cambridge ilikuwa na chama cha namna hiyo tangu mwaka 1815 na Oxford tangu mwaka 1823. Utaratibu wake unajulikana: hoja moja hutangazwa, msemaji mmoja huitetea na mwingine huipinga, mwenyekiti hulinda zamu, mtunza saa hupima dakika, na mwishoni hadhira huchangia na kupiga kura. Kwa nchi ya Wanga, njia ya utaratibu huo ilikuwa shule za misheni, hasa Maseno iliyoanzishwa mwaka 1906, na baadaye Alliance iliyofunguliwa mwaka 1926, kisha Makerere.

Sifa za utaratibu huo zisidharauliwe. Ulimpa kijana nafasi ya kumjibu mwenzake bila kuulizwa umri wala ukoo wake. Ulimfundisha kutetea upande asioupenda, na hivyo kuujua ubongo wa mpinzani. Juu ya yote, uliirudishia hadhira hukumu kwa njia ya kura. Kwa maana hii mdahalo haukuwa mgeni kabisa. Ulikuwa ndugu wa malumbano aliyerudi nyumbani akiwa amevaa sare ya shule.

Matunda yake yalionekana haraka. Tarehe 23 Desemba 1921 mkutano mkubwa ulifanyika Lundha huko Gem, si mbali na mpaka wa Wanga. Viongozi wake, miongoni mwao Jonathan Okwiri, Benjamin Owuor na Simeon Nyende, walikuwa walimu na vijana waliosoma Maseno. Walipinga kodi, kipande, kazi za lazima na kugeuzwa kwa nchi kuwa koloni. Mwezi Julai 1922 gavana mwenyewe, Edward Northey, aliwajibu ana kwa ana huko Nyahera. Baadhi ya malalamiko yalikubaliwa na mengine yakakataliwa, lakini jambo la msingi lilikuwa limetokea: hotuba ya serikali ilikuwa imelazimishwa kuwa mazungumzo. Mwaka uliofuata harakati hizo ziliwekwa chini ya ulezi wa Arkidikoni W. E. Owen, na wanachama wa chama kipya wakahimizwa kuua panya na kuchimba vyoo pamoja na kuandika maombi. Afya ilinufaika, bila shaka. Ulumbi ulipewa kazi nyepesi zaidi.

Ndani ya shule zenyewe kasoro mbili zilijitokeza na kudumu hata baada ya uhuru. Ya kwanza ni lugha. Mdahalo uliendeshwa kwa Kiingereza, na katika shule nyingi mtoto aliyekutwa akisema lugha ya mama alivishwa kibao shingoni. Matokeo yake, ufasaha ulihesabiwa kuwa usahihi wa sarufi ya kigeni, na msemaji aliogopa kosa la matamshi kuliko udhaifu wa hoja. Ya pili ni mada. Vizazi vya wanafunzi vimejadili kama maisha ya mjini ni bora kuliko ya shamba, au kama kalamu ina nguvu kuliko upanga. Mada za aina hii hazina mwenye nazo. Hakuna aliyeshinda mdahalo huo akapata kitu, na hakuna aliyeshindwa akapoteza. Jibu lipo, lakini halina uzito.

Kuhusu wanawake, historia ya pwani ina mfano wa kuufikiria. Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa sauti kubwa ya wanawake wa TANU tangu mwaka 1955, hakupitia chama cha mdahalo. Alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma Dar es Salaam. Huko alijifunza kuongoza umati, kupokelewa na kuitikiwa, kujua ni lini wasikilizaji wamechoka na ni lini wako tayari. Kikundi cha ngoma kilikuwa kwake shule ya usemi, kwa kuwa kuitikia ni namna ya kujibu. Mfano huu unaonyesha kwamba uwanja wa wanawake, ambao barazani ulionekana kuwa wa pembeni, ulikuwa na mafunzo kamili. Kilichokosekana ni mlango wa kutoka hapo hadi penye maamuzi.

6.0 Gharama ya Jibu

Butere, jirani ya Musanda, ilitoa mlumbi mashuhuri kuliko wote wa Bunge la Kenya katika kizazi chake, Martin Shikuku, aliyefariki mwaka 2012. Tarehe 9 Oktoba 1975, akichangia mjadala bungeni, Shikuku alidokeza kwamba kuna waliotaka kuliua Bunge kama walivyokiua chama cha KANU. Alipotakiwa athibitishe, Naibu Spika Jean-Marie Seroney aliyekuwa kitini aliamua kwamba jambo lililo dhahiri halihitaji kuthibitishwa. Siku chache baadaye wote wawili walikamatwa, wakawekwa kizuizini hadi Desemba 1978.

Kwa mtazamo wa ulumbi, tukio hilo ni zito. Shikuku hakuvunja utaratibu. Alisema kwa zamu yake, mbele ya mwenyekiti, mahali palipowekwa na sheria kwa ajili ya kusema. Seroney naye alifanya kazi ya mwenyekiti: alitoa uamuzi. Kanuni zote za mdahalo zilitimizwa. Lililokosekana ni upande wa pili kukubali kujibu kwa maneno. Aliyekuwa na la kujibu alijibu kwa kizuizi, na Bunge lililobaki lilijifunza kuhutubiwa.

Nje ya Bunge hali ilikuwa hiyohiyo. Hadi marekebisho ya mwaka 1997, mkutano wa hadhara ulihitaji kibali, na baraza la chifu lilibaki kuwa mahali pa matangazo. Wala mambo haya si ya kale pekee. Mwezi Aprili 2025 wanafunzi wa Shule ya Wasichana ya Butere, ambao Mahakama Kuu ilikuwa imeagiza waruhusiwe kuonyesha tamthilia yao katika tamasha la kitaifa la drama huko Nakuru, waliimba wimbo wa taifa na kuondoka jukwaani bila kuigiza; polisi walikuwa wametumia gesi ya kutoa machozi dhidi ya umati. Wasichana hao waliulizwa swali lilelile la baraza la chifu: kama wamesikia. Walijibu kwa kunyamaza na kuondoka. Katika jamii inayoijua kumuse, ukimya wa namna hiyo unaeleweka.

7.0 Chama cha Usemi kama Shule ya Uhakiki

Mwaka 1905, katika mji wa Bloomington jimboni Illinois, Ralph Smedley alianza kuwakusanya vijana wajizoeze kusema, na tarehe 22 Oktoba 1924 akaanzisha huko Santa Ana, California, klabu iliyokuja kuwa mama wa vyama vya Toastmasters duniani, ambavyo vimefika hata Nairobi. Ubunifu wake haukuwa katika kusema. Ulikuwa katika kumpa kila msemaji mhakiki wake. Mtu husema kwa dakika chache. Mwingine, aliyeteuliwa mapema, husimama na kueleza mbele ya wote nini kilifaulu na nini hakikufaulu. Wa tatu huhesabu muda. Majukumu huzunguka, hivyo aliyehakiki leo atahakikiwa kesho. Upungufu wa vyama hivi ni kwamba huhakiki namna ya kusema kuliko ukweli wa kilichosemwa. Mtu anaweza kupongezwa kwa kusema vizuri jambo baya.

Mikondo hii ikiwekwa pamoja, masharti ya chama kinachofaulu yanajitokeza yenyewe. Kwanza, kila neno liwe na mjibu aliyejulikana mapema, ili anayesema ajiandae kwa kusikilizwa na anayesikiliza ajiandae kusema. Hili ni funzo la Santa Ana, lakini pia la Muyaka. Pili, uenyekiti na utunzaji wa saa uzunguke. Mwenyekiti wa kudumu huwa chifu bila kujua. Tatu, wanaoanza waanze kwa kusikiliza: waeleze kwa usahihi hoja ya mwenzao kabla ya kuijibu, kama kijana aliyetumwa kupeleka ujumbe wa wazee. Nne, mada ziwe zile ambazo wanachama wanaweza kupoteza au kupata kitu kwazo. Katika Musanda, ambako miwa ni maisha, historia ya kiwanda cha Mumias kilichoanza kusaga mwaka 1973 na kuwekwa chini ya mrasimu mwaka 2019 ni mada. Ubora wa maisha ya mjini si mada. Tano, lugha iwe ile inayowawezesha wote kujibu. Kiswahili kina nafasi ya pekee hapa, si kwa sababu ni lugha ya taifa tu, bali kwa sababu katika nchi ya Wanga kiliingia kikiwa lugha ya kukaa na mgeni kabla hakijawa lugha ya amri.

Mtaala wa Kenya umeyagusa haya nusunusu. Ulumbi, hotuba, soga na malumbano ya utani hufundishwa katika shule za sekondari kama vipera vya fasihi simulizi, na mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa mwaka 2017 umeweka kusikiliza na kuzungumza kuwa mada kuu. Hata hivyo, mwanafunzi huweza kutaja sifa tano za mlumbi na kupata alama zote bila kuwahi kusimama mbele ya watu. Kipera kimehifadhiwa, tendo limepotea. Kazi ya chama ni kulirudisha tendo hilo, na idara za fasihi hazina sababu ya kuliona jambo hili kuwa la chini yao. Anayejifunza kuhakiki hotuba ya jirani yake hadharani, kwa haki na kwa ushahidi, anafanya uhakiki kwa maana kamili ya neno hilo.

8.0 Hitimisho

Katiba ya mwaka 2010 inataja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa katika Ibara ya 10, na Ibara ya 196 inalibebesha bunge la kaunti wajibu wa kuufanikisha. Maana yake ni kwamba mkazi wa Musanda hutakiwa, kwa mujibu wa sheria, kusimama na kusema juu ya bajeti na miswada inayomhusu. Kwa mara ya kwanza tangu sheria ya mwaka 1912, jibu la raia barazani limewekwa upande wa sheria.

Historia iliyoelezwa hapa inatahadharisha kwamba ruhusa peke yake haitoshi. Mwaka 1930 baraza la Kakamega lilikuwa na ruhusa, na mwaka 1975 Bunge lilikuwa nayo. Kikao cha ushiriki kinaweza kugeuka baraza la chifu kwa wepesi mkubwa: maofisa mezani, watu chini ya mti, karatasi ya mahudhurio ikizungushwa ili kuthibitisha kwamba watu wamesikia. Kitakachozuia hali hiyo ni kuwapo kwa watu, wanaume kwa wanawake, waliozoea kusikiliza hoja hadi mwisho, kuipima, kisha kuinuka na kudai jibu lake. Watu hao hawazaliwi wakiwa hivyo, wala hawafundishwi kwa hotuba. Hufunzwa kwa kulumbana, wiki baada ya wiki, katika chumba cha darasa baada ya masomo au kwenye benchi mbele ya duka, mahali ambapo kila asemaye anajua kwamba akiketi mwingine atasimama.